Kengele Sita za Mama Awuor

Moshi!

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, msomaji. Zeituni Mukhtar, fundi wa vifaa vya umeme katika soko la Kibuye, amebonyeza swichi ya mashine ya gemu, na mashine, badala ya kuwaka, imetoa moshi. Moshi mweupe, mzito, ukapanda hadi kwenye mabati ya kibanda na kutanda pale juu.

"Yawa! Imekufa!" Mama Awuor akapiga kelele. "Zeituni, umeua mashine yangu!"

Zeituni akang'oa plagi ukutani, akaikumbatia mashine kifuani na kutoka nayo nje mbio. Akaiweka chini kwenye kivuli. Akaipulizia. Akaipepea kwa daftari.

Saa ilikuwa nne asubuhi. Saa nane mchana, nusu fainali ya Kombe la Ufuo ingeanza kule Nyamasaria.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kushika gazeti hili, nikuweke sawa kwa haraka. Mama Awuor ni mchuuzi wa samaki wa Asembo Bay. Ana miaka hamsini na minne, na ndiye mchezaji hatari zaidi wa gemu ya mpira katika ufuo wote huu. Alianza kucheza ili kumfurahisha mjukuu wake. Mjukuu akachoka, bibi akaendelea.

Katika Kombe la Ufuo kuna nyumbani na ugenini. Aliye nyumbani huleta mashine yake iliyoandikishwa, na mashine hiyo ikizimika kabla ya kipenga cha mwisho, mwenyewe anahesabiwa amefungwa tatu bila. Leo Mama Awuor yuko nyumbani.

Na zawadi? Friza kubwa ya sola. Mwezi uliopita Mama Awuor alimwaga beseni zima la mbuta walioharibika kwa kukosa barafu. Aliyemwona siku ile akirudi nyumbani na beseni tupu kichwani hahitaji kuelezwa kwa nini mama huyu anaitaka friza.

Haya, twende.

"Nyamaza kidogo, Mama," Zeituni alisema. Aliinama, akanusa mashine. Akanusa tena. Uso wake ukaanza kubadilika. "Mama Awuor, hii mashine nyumbani unaiweka wapi?"

"Kwa meza."

"Na omena unaanika wapi?"

"Juu ya mabati, kama kila mtu. Sasa mvua ikinyesha…" Mama Awuor akatazama pembeni. "Mvua ikinyesha naanika kwa meza."

Zeituni alishika bisibisi. Skrubu ya kwanza, ya pili, ya nne, ya nane. Kifuniko kikatoka. Na juu ya kile kipande cha chuma kinachopoza moyo wa mashine, walikuwa wamelala omena kumi na saba, wale dagaa wadogo wa ziwani, wamekaangika vizuri, rangi ya dhahabu.

"Mashine haijaungua," fundi alitangaza. "Kilichoungua ni mboga!"

Wauza nyanya wa jirani walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mama Awuor aliinua mikono juu akamshukuru Mungu kwa Kijaluo, kisha akachukua omena mmoja, akamtia mdomoni, akatafuna.

"Amekosa chumvi tu," alisema.

Lakini furaha hiyo haikumaliza hata dakika mbili. Zeituni aliigusa feni ya mashine kwa kidole. Haikuzunguka. Magamba ya samaki yalikuwa yameingia mpaka ndani ya mhimili wake. Aliisukuma taratibu. Ikakataa. Akaisukuma kwa nguvu kidogo.

Tap! Bawa likakatika.

"Hiyo ilikuwa ya kazi?" Mama Awuor aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hiyo ndiyo feni yenyewe, Mama. Bila hiyo mashine inachemka na kuzima."

Zeituni alikimbia kibanda hadi kibanda. Feni ya aina ile hakuna. Ya kufanana nayo hakuna. Saa tano kasoro alirudi mikono mitupu, jasho likimtiririka chini ya mtandio, na macho yake yakatua kwenye kompyuta moja kuukuu ambayo kila siku ilimsaidia kuzuia mlango usifungwe na upepo.

Akaipindua. Akaifungua. Ndani kulikuwa na feni nzima, nzuri, nyeusi, kubwa kama sahani ya chai.

"Hiyo haiwezi ingia," Mama Awuor alisema. "Ni kubwa."

"Basi tutatoboa kifuniko."

"Utatoboa mashine yangu?"

"Mama, ukitaka, funga macho."

Mama Awuor aliyafunga. Keekee ikalia, plastiki ikaruka huku na huku, na kifuniko kikapata tundu la duara katikati. Zeituni alikisafisha kile chuma kwa spiriti, akapaka mafuta mapya ya kupozea, akaifunga feni juu kwa skrubu nne ndefu. Akachomeka. Akabonyeza.

Mashine ikawaka!

Wakahesabu. Moja, mbili, tatu… Ilipofika nane, ikazima.

Akabonyeza tena. Moja, mbili… nane. Ikazima.

"Inatuchezea," Mama Awuor alisema.

Zeituni aliuma mdomo. Feni inazunguka, upepo unatoka, sasa inataka nini? Aliinama, akazitazama nyaya za feni. Mbili zilikuwa zimeunganishwa. Wa tatu, mwembamba, wa njano, ulikuwa unaning'inia hewani. Akajipiga kofi la paji la uso.

"Haijui kama feni inazunguka! Huu waya ndio wa kuiambia. Mashine inadhani haina feni, inajizima kwa woga!"

Akawasha moto chuma cha kulehemu. Tone moja la risasi, waya wa njano ukashika. Wakahesabu hadi nane. Hadi ishirini. Hadi mia. Mashine ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga mahindi, lakini ilikuwa hai.

"Ero kamano, nyathina," Mama Awuor alishukuru, akamkumbatia fundi na kumwachia harufu ya samaki kuanzia kichwani hadi miguuni. "Sasa padi yangu iko wapi?"

Zeituni alicheka. Akavuta kitambaa kilichofunika kitu mezani.

Lazima ujue, msomaji, kwamba vidole vya Mama Awuor havikunjiki sawasawa. Miaka thelathini ya kupara samaki na kushika barafu imevikaza kwa baridi yabisi, na vitufe vidogo vya padi ya kawaida vinamtesa. Kwa wiki mbili Zeituni alikuwa amemtengenezea padi ya peke yake. Alikuwa amechukua ubao mpana wa kukatia sukuma, akafunga juu yake swichi sita za kengele ya mlangoni, kila moja pana kama kifuniko cha soda, na nyaya zake zikapita chini ya ubao hadi ndani ya padi ya zamani aliyoipasua. Pale pa kuongoza wachezaji alikuwa amechomeka mpini wa mwiko.

Mama Awuor aliushika ule ubao kwa mikono yote miwili. Akabonyeza swichi kwa kiganja. Akasukuma mwiko. Machozi yakamlenga.

"Twende," alisema, "kabla sijalia nikachelewa."

*

Ukumbi wa Nyamasaria ulikuwa umejaa hadi madirishani. Wanawake kumi na wawili wa Asembo Bay walikuwa wameshika benchi lote la mbele, leso mabegani, wakiimba.

Mbele yao alisimama refa Saleh, mwenye duka la viatu vya michezo mjini, shati jeusi, kipenga shingoni, kitabu cha kanuni mkononi. Huyu ni mtu ambaye Zeituni, kwa sababu zake mwenyewe, hajawahi kuweza kumtazama usoni zaidi ya sekunde tatu. Leo alijaribu. Alifika sekunde mbili.

Mpinzani wa siku hiyo alikuwa Griffins, bingwa wa mwaka jana, kijana wa miwani ya jua ndani ya nyumba. Aliuona ule ubao wa Mama Awuor, akaishusha miwani polepole.

"Refa, omera, hii ni nini? Huyu mama amekuja kucheza gemu ama kupika?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

"Hiyo si padi," Griffins aliendelea. "Hiyo imechezewa. Lazima kuna ujanja ndani. Mimi nakataa."

Zeituni akasimama. "Hakuna ujanja. Ni padi ya kawaida, vitufe ndivyo vimekuwa vikubwa. Ukitaka, jaribu mwenyewe."

"Nitajaribu! Mbele ya watu wote!"

Griffins aliuweka ubao mapajani. Akasukuma mwiko, mchezaji wake akatoka nje ya uwanja. Akabonyeza swichi ya kupiga shuti.

Ting-tong!

Griffins akabonyeza tena. Ting-tong!

Zeituni akakodoa macho. Katika haraka yake alikuwa amesahau kuitoa kengele yenyewe kwenye swichi moja, na betri yake ilikuwa bado imo. Swichi hiyo ilikuwa ya shuti. Kila Mama Awuor atakapotaka kupiga golini, kengele ingemwambia adui!

Griffins aliielewa haraka kuliko wote. Tabasamu lake likafika masikioni.

"Refa, nimebadilisha mawazo. Padi ni nzuri sana. Naikubali."

"Ngoja!" Zeituni alipaza sauti. "Niitoe hiyo kengele, dakika moja tu!"

Saleh alifungua kitabu chake. Ilionekana wazi kwamba hakufurahia alichokisoma. "Kanuni ya tisa. Kifaa kikishakubaliwa na mpinzani hakifunguliwi tena mpaka mechi iishe. Pole, fundi."

Kipenga kikalia.

Nataka nikuambie kwamba Mama Awuor alianza vizuri. Hakuanza vizuri. Wachezaji wake aliokuwa amewabatiza majina ya samaki, Mbuta mbele, Fulu pembeni, Kamongo golini, walijitahidi, lakini kila Mbuta alipofika karibu na goli, ting-tong! na beki wa Griffins alikuwa ameshaupangua mpira. Dakika ya ishirini, kwa saa ya gemu inayokimbia kuliko ya ukutani, Griffins akafunga. Dakika ya arobaini akafunga la pili, akasimama juu ya kiti akacheza.

Mapumziko, mbili bila.

Zeituni alipiga magoti kando ya Mama Awuor. "Nisamehe, Mama. Ni kosa langu. Nimekuharibia."

Mama Awuor alikuwa akinyoosha vidole vyake kimoja kimoja. Hakuonekana mtu aliyeharibiwa.

"Zeituni. Huyu kijana anasikiza kengele, donge, si ndiyo?"

"Ndiyo. Ikilia tu anaruka."

"Haangalii tena mpira."

"Haangalii."

"Sasa nikibonyeza shuti, alafu haraka haraka nibonyeze pasi, si shuti inakufa?"

Zeituni alimtazama. "Inakufa. Mchezaji anatisha tu, hapigi. Lakini kengele…"

"Kengele italia," Mama Awuor alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka kicheko chake cha sokoni, kile kinachosikika hadi ng'ambo ya pili. "Wacha ilie!"

Kipindi cha pili. Fulu akashuka pembeni. Ting-tong! Beki wa Griffins akateleza chini kuzuia shuti. Shuti halikuja! Mpira ulikuwa umeshasogezwa kwa Mbuta, goli liko wazi.

Mbili moja!

"Nini hiyo?" Griffins alifoka.

Dakika kumi baadaye, ting-tong! Kipa wa Griffins akaruka kushoto. Mbuta akatembea na mpira kulia, polepole, kama mtu anayepeleka chai sebuleni.

Mbili mbili!

Akina mama wa Asembo walikuwa wamesimama juu ya benchi. Benchi lilikuwa linalia. Griffins alivua miwani. Na hapo, dakika ya themanini, katikati ya skrini pakatokea alama nyekundu ambayo Zeituni aliiogopa kuliko simba: mashine ilikuwa imechemka.

Ukumbi ule ulikuwa na watu zaidi ya mia, mabati juu, dirisha hata moja halikuwa wazi kwa sababu ya watu waliolijaa. Feni ilikuwa inavuta hewa ya moto na kutema hewa ya moto. Alama ikaanza kuwakawaka. Ikizimika, tatu bila!

Zeituni akainuka kuikimbilia.

"Fundi!" Saleh alisema. Sauti yake ilimuuma mwenyewe. "Kanuni ya sita. Fundi haigusi mashine mechi ikiendelea."

Akasimama pale pale, mikono hewani. Haigusi. Fundi haigusi…

Akageukia benchi la mbele. "Akina mama! Leso!"

Hawakuuliza kwa nini. Leso kumi na mbili zikavuliwa mabegani kwa mpigo mmoja, na wanawake kumi na wawili wakaizunguka mashine ile wakaanza kuipepea, juu, chini, juu, chini, wakiimba kwa mdundo wa kuvuta nyavu. Upepo uliotoka pale ulipeperusha kitabu cha kanuni mikononi mwa refa.

"Refa! Hiyo ni udanganyifu!" Griffins alipiga kelele bila kuondoa macho kwenye skrini.

Saleh aliokota kitabu. Akakifungua ukurasa mmoja, mwingine, akarudi wa kwanza. Taratibu sana, kama mtu anayetaka dakika zipite.

"Kanuni inasema kugusa," alitangaza hatimaye. "Hakuna aliyegusa. Upepo haumo humu kitabuni."

Alama nyekundu ikafifia. Ikarudi. Ikafifia tena. Ikapotea!

Dakika ya tisini. Mbuta ana mpira. Mbele yake beki mmoja, nyuma ya beki kipa. Mama Awuor akainua kiganja. Ukumbi wote ukavuta pumzi.

Ting-tong!

Safari hii Griffins hakutaka kudanganyika. Aliusubiri ule ujanja, akamtuma beki wake kukata pasi.

Lakini pasi haikuja. Mama Awuor alikuwa amepiga shuti kweli.

Tatu mbili!

Nikuelezeje kelele zile? Benchi lilivunjika. Mtu mmoja dirishani alianguka nje, akarudi ndani akishangilia. Mama Awuor alinyanyuliwa juu na ubao wake mapajani, na kila aliporushwa kengele ililia. Hata Griffins, baada ya kukaa dakika nzima ameshika kichwa, alikuja akampa mkono.

"Mama," alisema, "nifundishe hiyo ya mwisho."

"Njoo Asembo. Utapara samaki kwanza."

Katikati ya ghasia hizo Saleh alimkaribia Zeituni. "Fundi," alisema, "ile feni…" Akasahau alichotaka kusema. "Ni kubwa."

"Ndiyo," Zeituni alijibu. "Ni kubwa."

Wakasimama pale wakitabasamu. Sekunde nne. Tano. Sita!

Na hapo mlango wa ukumbi ukafunguka.

*

Aliyeingia alikuwa mwanamke mrefu, beseni la plastiki kichwani, vumbi la safari miguuni. Alilitua beseni mbele ya Zeituni. Ndani yake mlikuwa na mashine ya gemu, na mashine hiyo ilikuwa inadondosha uji.

"Naitwa Nasipwondi," alisema. "Nauza samaki Port Victoria. Nimeshinda nusu fainali ya upande wetu asubuhi. Fainali ni leo saa kumi na moja, na kura imesema mimi ndiye niko nyumbani. Mapacha wangu wameimwagia uji wa wimbi, sufuria nzima. Nimeambiwa kuna fundi mwanamke hapa. Dada, nisaidie."

Kila mtu alipiga hesabu ile ile. Bila mashine yake iliyoandikishwa, Nasipwondi anafungwa tatu bila, na friza ni ya Mama Awuor hivi sasa, bila kugusa hata swichi moja.

"Mwambie amechelewa," mama mmoja wa Asembo alinong'ona.

"Si kosa letu," mwingine akasema.

Zeituni alimgeukia Mama Awuor. Mama Awuor alikuwa akiitazama mikono ya Nasipwondi. Ilikuwa na makovu ya mapezi kama yake, na kidole gumba kilikuwa kimekaza vilevile.

"Wewe unataka friza ya nini?" alimuuliza.

"Mbuta wananiozea, Mama. Barafu Port Victoria ni ya kugombania."

Mama Awuor alivuta pumzi ndefu. Akatazama dari.

"Yawa," alisema, na akamsukumia Zeituni bisibisi. "Fungua. Huyu nataka nimpige kwa uwanja, si kwa uji."

Ukumbi ukapiga makofi, wengine wakapiga vichwa vyao wenyewe.

Zeituni alifanya kazi pale pale sakafuni. Alisugua uji kwa spiriti na mswaki. Rosa wa saluni ya jirani alileta mashine yake ya kukaushia nywele, akakausha bodi kwa uangalifu kama kichwa cha bi harusi. Ikatimia saa tisa na nusu, kisha saa kumi. Bodi ilipona. Lakini kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme kilikuwa kimekufa kabisa, na harufu yake haikuwa ya omena.

"Kingine kama hiki," Zeituni alisema polepole, "nakijua kimoja tu karibu. Kimo ndani ya mashine yako, Mama Awuor. Nikikitoa na hiki nacho kikaungua, mtarudi nyumbani nyote wawili na maboksi matupu."

Mama Awuor aliichukua mashine yake, ile yenye tundu la duara, akaiweka mbele ya fundi na kuigeuza kichwa chini.

Dakika arobaini. Skrubu zikatoka, kisanduku kikahama, skrubu zikarudi. Saa kumi na moja kasoro dakika kumi, Zeituni alichomeka plagi. Nasipwondi alishika mkono wa Mama Awuor. Mama Awuor hakuutoa.

Akabonyeza.

Mashine ikawaka! Vigelegele vikapasua mabati. Skrini ikang'aa, na kama kawaida ya mashine hizi ikauliza ni nani anayetaka kucheza. Majina mawili yakajipanga pale. La kwanza: Nasipwondi.

La pili likamfanya Zeituni aiangushe bisibisi.

Ikhlas Mukhtar.

Wasomaji wa tangu mwanzo wanamkumbuka. Ikhlas ni dada yake mkubwa Zeituni, aliyemfundisha kufungua redio kabla hajajua kusoma, na aliyeondoka nyumbani Ijumaa moja miaka sita iliyopita, baada ya ugomvi na baba yao, akiwa na begi moja. Hakuna barua. Hakuna simu. Mama yao huweka sahani yake kila Idi.

Na chini ya jina, kwa herufi ndogo, siku aliyocheza mara ya mwisho: jana.

"Dada," Zeituni alisema. "Huyu wa pili ni nani?"

"Huyo? Ni jirani yangu Port Victoria. Mashine ni yake, ameniazima. Ndiye aliyenifundisha kucheza." Nasipwondi alicheka. "Na ndiye amenileta kwako. Alisema nitafute fundi anayeitwa Zeituni, yeye ananisubiri nje kwa barabara. Nimemwomba aingie, amekataa. Kwani mnajuana?"

Zeituni alikuwa ameshaanza kukimbia.

Aliruka benchi lililovunjika, akapenya kwa bega kati ya watu, akaacha ndala moja mlangoni. Nje jua lilikuwa limemkabili, akaweka kiganja juu ya macho. Ng'ambo ya barabara, mwanamke mwenye buibui la kijani alikuwa anapanda pikipiki, mgongo ameupa ukumbi.

"Ikhlas!"

Mwanamke yule akageuka. Alikuwa yeye. Alikuwa yeye, na alikuwa anatabasamu na kulia kwa pamoja, na akatikisa kichwa, akamgusa dereva begani. Pikipiki ikaondoka.

Nyuma yake, ndani ya ukumbi, kipenga cha Saleh kikalia. "Fainali! Mafundi wote ndani! Fundi asipokuwapo kufikia mapumziko, mashine aliyoitengeneza haihesabiwi!"

Zeituni alitazama mlango. Akatazama barabara. Kisha, akicheka, machozi yakimtiririka, mguu mmoja peku, akarukia pikipiki iliyokuwa karibu naye.

"Mfuate yule wa kijani!" alimwambia dereva. "Na unirudishe hapa kabla ya mapumziko!"